Daktari Akisema Saratani ya Tezi Dume Iangaliwe Kwanza

Mtu akishaambiwa ana saratani, masikio yake husubiri kusikia kisu, mionzi au dawa. Wewe umesikia jambo jingine kabisa: saratani ipo, ni ndogo, ni ya daraja la chini, na kwa sasa haitatibiwa, itafuatiliwa. Utapimwa damu kila baada ya miezi kadhaa, utarudi kwa kipimo cha MRI, na baada ya muda utachukuliwa tena vinyama vya kwenda maabara. Umetoka kliniki na bahasha na tarehe ya kurudi, bila hata kidonge kimoja. Nyumbani swali la kwanza ni "Wamekupa nini?" na jibu lako ni "Hawajanipa kitu," na hapo watu wanatazamana. Hofu inayoanza siku hiyo ni ya kweli na hakuna sababu ya kuionea haya. Lakini haitaondoka kwa kujikaza kiume, wala kwa kukimbilia upasuaji ili yaishe. Hupungua pale wewe na daktari wako mnapokubaliana mapema ni jambo gani likitokea mtabadili uamuzi, mkaliandika, ili usiku mmoja wa kukosa usingizi usije ukaamua jambo la maisha yako yote.

Anza kwa kuielewa karatasi yako, kwa sababu hofu nyingi hutoka kwenye namba iliyosomwa vibaya. Majibu ya biopsi hutaja alama ya Gleason, inayoitwa kwa jina la Donald Gleason, mtaalamu wa patholojia wa Marekani aliyeubuni mfumo huo miaka ya 1960. Yako huenda imeandikwa 3+3=6. Mtu aliyesoma shule huiona sita na moja kwa moja hufikiria sita kati ya kumi, yaani ugonjwa umeshavuka nusu ya njia. Sivyo. Mizani ya awali ilianzia 2 hadi 10, lakini wataalamu wa leo karibu hawatoi alama iliyo chini ya 6 kwenye vinyama vya biopsi, kwa hiyo sita ndiyo ngazi ya chini kabisa. Kwa sababu ya mkanganyiko huo, tangu mwaka 2014 wataalamu wa kimataifa walikubaliana pia kutumia makundi ya 1 hadi 5, na 3+3 ni kundi la 1. Wapo hata madaktari wanaotaka kundi hilo lisiitwe saratani tena. Scott Eggener na wenzake waliandika hoja hiyo mwaka 2022, na ubishi bado unaendelea. Kwa kawaida mgonjwa huhesabiwa kuwa wa hatari ndogo akiwa na Gleason isiyozidi 6, PSA (kile kipimo cha damu) chini ya 10, na uvimbe usiopapasika au unaopapasika kidogo tu upande mmoja wa tezi. Ukitaka kujua kama mwongozo huu unakuhusu, muulize daktari wako mambo hayo matatu kwa majina yake.

Pingamizi la kwanza utalisikia kutoka kwa kaka yako kabla hujalitamka mwenyewe: nyoka akiingia ndani, huulizi ni wa aina gani, unampiga. Ni pingamizi lenye akili, na kwa saratani nyingi ndivyo inavyotakiwa. Hapa, lakini, aina imeshaulizwa, na jibu limepatikana kwa kuwafuata watu kwa miaka mingi. Toronto, daktari Laurence Klotz na wenzake walianza mwaka 1995 kuwafuatilia wanaume bila kuwatibu mara moja. Walipotoa ripoti mwaka 2015 walikuwa na wanaume 993, na waliokufa kwa saratani ya tezi dume walikuwa 15. Huko Uingereza utafiti uitwao ProtecT uliwagawa kwa bahati nasibu wanaume 1,643 katika makundi matatu: ufuatiliaji, upasuaji na mionzi. Baada ya takriban miaka 15, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa asilimia 3.1 kwenye ufuatiliaji, 2.2 kwenye upasuaji na 2.9 kwenye mionzi, tofauti ambayo kitakwimu haikuweza kutenganishwa na bahati. Tazama pia upande wa pili wa hesabu hiyo: katika wanaume wote 1,643, waliofariki kwa sababu yoyote ile walikuwa 356, na tezi dume ilihusika na 45 tu. Moyo, kiharusi na magonjwa mengine ndiyo yaliyochukua wengi. Mwanaume anayekosa usingizi kwa ajili ya Gleason 6 huku hajapima presha mwaka mzima anamchunga nyoka asiye na sumu na kuuacha mlango wazi kwa mwenye sumu.

Ingekuwa si haki kukupa nusu ya habari. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa saratani ilisambaa kwa asilimia 9.4 ya waliofuatiliwa, karibu maradufu ya waliopasuliwa au kupigwa mionzi, ambao walikuwa kama asilimia 5. Namba hiyo isifichwe, na daktari asiyeitaja hajakuheshimu. Ila isomwe pamoja na mambo mawili. Kwanza, takriban theluthi moja ya wanaume wa ProtecT, kwa vigezo vya leo, walikuwa na saratani ya hatari ya kati au kubwa. Wasingeshauriwa kungoja kama ulivyoshauriwa wewe. Pili, ufuatiliaji wao ulitegemea zaidi PSA, bila MRI na bila ratiba ya biopsi za kurudia. Unaopendekezwa sasa ni mkali zaidi. Kwa hiyo namba hiyo haisemi kwamba ufuatiliaji haufai. Inasema kwamba ufuatiliaji legelege una gharama, na hilo ndilo litakalokupa nguvu ya kudai MRI yako iliyoahirishwa.

Pingamizi la pili ni la ndani zaidi, na ndilo linalowaondoa wengi: "Najua takwimu, lakini ikitolewa nitalala." Je, ni kweli? Wanaume wa ProtecT waliulizwa kwa miaka sita kuhusu wasiwasi na sonona, na makundi matatu hayakutofautiana. Waliopasuliwa hawakuwa watulivu kuliko wanaongoja. Jambo hilo linashangaza mpaka ukumbuke kwamba aliyepasuliwa naye hupimwa PSA kwa miaka, na kwake hata namba ndogo sana inayopanda huweza kuwa habari mbaya. Hofu yake imehama nyumba tu, haijafa. Kilichotofautiana ni mwili. Miezi sita baada ya kuingia utafitini, asilimia 46 ya waliopangiwa upasuaji walikuwa wakitumia pedi kwa sababu ya kuvuja mkojo, na kwenye ufuatiliaji walikuwa asilimia 4. Wenye nguvu za kiume za kutosha kwa tendo la ndoa walikuwa asilimia 67 mwanzoni. Baada ya miezi hiyo sita walibaki asilimia 12 kwenye upasuaji, 22 kwenye mionzi na 52 kwenye ufuatiliaji. Baadhi hupata nafuu kadiri miaka inavyokwenda, na umri nao hula nguvu za kila mtu, hata za anayengoja. Ukiulipia usingizi wa usiku mmoja kwa bei hiyo, hakikisha kwanza kwamba unachonunua ni usingizi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chukua daftari la kawaida, nenda nalo kwa daktari wa mfumo wa mkojo, na umwombe mjaze pamoja ukurasa mmoja. Andika ulipoanzia: PSA, alama ya Gleason, vinyama vingapi vilikutwa na saratani kati ya vilivyochukuliwa, na MRI ilisema nini. Andika ratiba: PSA lini, MRI lini, biopsi ya kurudia lini. Ratiba hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, kwa hiyo usiige ya mwenzako. Kisha andika sehemu iliyo muhimu kuliko zote, yaani masharti: nini kikionekana tutazungumzia matibabu, na nini kikionekana tutarudia kipimo tu. Kwa kawaida kinachobadili uamuzi ni biopsi inayoonyesha daraja la juu zaidi, kwa mfano 3+4 au 4+3, au MRI inayoonyesha kitu kipya chenye kutia shaka. PSA peke yake ikipanda mara moja huwa ni sababu ya kupima tena na kuchunguza, mara chache huwa sababu ya kukata. Mwisho andika kanuni yako mwenyewe: sitabadili uamuzi kwa simu, wala usiku, wala kabla ya kuonana na daktari na siku kadhaa kupita. Hakuna kinachopotea kwa siku hizo. Saratani ya kundi la 1 haikimbii kwa kasi ya wiki.

Huenda ukaona ukurasa huo ni urasimu. Fikiria unavyofanya kazi siku ya majibu. Karatasi nyingi za maabara huchapisha kiwango cha kawaida cha PSA kuwa 0 hadi 4, na ukiwa na 6.1 kompyuta itaweka herufi H au nyota pembeni. Itaiweka leo, itaiweka mwakani, na kila mara macho yako yataikuta kabla ya kitu kingine chochote. H hiyo inakulinganisha wewe na mtu asiyejulikana. Wewe unapaswa kulinganishwa na wewe wa miezi sita iliyopita. Ukifungua daftari ukaona 6.1, kisha 7.0, kisha 5.8, utaelewa bila kuhubiriwa kwamba namba hii hupanda na kushuka yenyewe. Maambukizi ya njia ya mkojo huipandisha sana, hivyo kama umeugua hivi karibuni sema, kipimo kisogezwe mbele. Siku mbili kabla ya kutoa damu epuka tendo la ndoa na mazoezi mazito, na ukiwa na dawa za kupunguza tezi kama finasteride mkumbushe daktari, kwani baada ya miezi kadhaa hushusha PSA karibu nusu na kuidanganya hesabu. Tumia maabara ileile. Uliza majibu yatatoka siku gani na yatakufikia vipi. Kama hutumwa kwa simu, omba yasomwe mbele ya mtu anayeweza kuyaeleza. Ujumbe uliofunguliwa peke yako Ijumaa usiku una Jumamosi na Jumapili nzima za kukutafuna.

Kuna hofu nyingine inayokuja bila kipimo: kuamka usiku kukojoa. Kila safari ya chooni inageuka ushahidi kwamba ugonjwa umesogea. Lakini saratani ndogo ya daraja la chini kwa kawaida haitoi dalili yoyote. Mkojo unaokatika, unaochelewa kutoka au unaokuamsha mara tatu mara nyingi hutokana na kutanuka kwa tezi kunakokuja na umri, jambo ambalo si saratani na lina dawa zake. Mweleze daktari atibu hilo kama tatizo linalojitegemea. Wanaume wengi wamebeba mzigo wa magonjwa mawili kwa jina la moja.

Nyumbani, usinyamaze kabisa na usitangaze kwa kila mtu. Mkeo anastahili kujua, na si kwa fadhila: yeye ndiye atakayeona hulali, na akikosa maelezo atajitungia mabaya zaidi. Nenda naye kliniki angalau mara moja asikie kwa daktari mwenyewe kwa nini hukupewa dawa, ili isiwe kazi yako kuitetea hospitali kila jioni. Watoto wakubwa waambie pia, hasa wa kiume, kwa kuwa baba au kaka mwenye saratani hii huongeza uwezekano wao kuipata, na wanapaswa kujadili na madaktari wao umri wa kuanza kupima. Kundi la WhatsApp la ukoo linaweza kungoja. Ukilifungulia mlango leo, kesho utapokea mlonge, mwarobaini, mbegu za maboga na namba ya mganga wa Tanga, vyote kwa mapenzi mema. Ukitaka kula mboga na nyanya, kula, zina faida kwa moyo; usizipe kazi ya kuilinda tezi. Marekani wanaume 478 waliokuwa kwenye ufuatiliaji waligawanywa, wengine wakahimizwa kula mboga kwa wingi kila siku, na matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa saratani zao hazikusogea polepole kuliko za wenzao. Virutubisho vya vidonge vina habari mbaya zaidi: utafiti wa SELECT, uliowahusisha wanaume zaidi ya 35,000, ulionyesha mwaka 2011 kuwa vitamini E iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17. Ndugu akikuletea chupa, shukuru, halafu iweke juu ya kabati.

Kilicho na ushahidi wa kutuliza hofu yenyewe ni jasho. Jimboni Alberta, Kanada, wanaume 52 walio kwenye ufuatiliaji walishiriki utafiti ambao nusu yao walifanya mazoezi makali ya mashine ya kukimbilia mara tatu kwa wiki kwa wiki 12. Pumzi zao ziliongezeka, na wasiwasi wao kuhusu saratani pamoja na hofu ya ugonjwa kusogea vilipungua. Ni kundi dogo, lisibebeshwe mengi, lakini hakuna dawa ya hofu yenye madhara machache kuliko hiyo. Huhitaji mashine: mlima ulio karibu au ngazi za ghorofa zinatosha, baada ya daktari kuukagua moyo wako. Na kama kwa wiki mbili mfululizo hulali, huli, hufurahii hata mpira, au mawazo ya kufa yanakutembelea, hiyo si hofu ya kawaida tena. Ni ugonjwa wenye matibabu, na aliyekuandikia PSA anaweza kukupeleka kwa anayeushughulikia. Mwombe Mungu pia kama ni desturi yako. Sala haijawahi kugongana na tarehe ya kliniki, ila kwa mtu anayetafuta kisingizio.

Kisingizio ndicho uso wa pili wa hofu, nao hauzungumzwi sana. Mmoja huogopa akakimbilia kisu, mwingine huogopa akaikimbia hospitali, kisha kimya chake kikaonekana kama utulivu. Hasa biopsi ya kurudia ndiyo huachwa: ya kwanza iliuma, au ilileta homa, au kile kipimo cha kidole kimekuwa utani wa kijiweni kiasi kwamba mzee hataki kuingia tena chumbani mle. Ukiona unatafuta sababu za kuahirisha, sema wazi unachokiogopa. Kama ni maumivu, uliza kuhusu ganzi. Kama ni homa, uliza kama hospitali yako huchukua vinyama kwa kupitia ngozi ya msambani badala ya njia ya haja kubwa, kwani njia ya msambani huhusishwa na maambukizi machache. Asiyefuatiliwa hayumo kwenye ufuatiliaji. Takwimu zote nilizokutajia hazimhusu.

Hapa ndipo msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kisangani ana haki ya kusimama na kuuliza: hao ni Wazungu, na sisi tunaambiwa saratani hii huwashika watu weusi kwa ukali zaidi. Ni kweli kwamba wanaume weusi wa Marekani huipata na kufa nayo zaidi ya weupe. Lakini swali la ufuatiliaji limepimwa kwao. Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi wa wanajeshi wastaafu wa Marekani 8,726 wenye saratani ya hatari ndogo, 2,280 kati yao wakiwa Wamarekani weusi. Katika miaka kumi, ugonjwa ulisogea kwa takriban asilimia 60 ya weusi na 48 ya weupe, na weusi wengi zaidi waliishia kutibiwa. Vifo kwa saratani hiyo, hata hivyo, vilikuwa asilimia 1.1 dhidi ya 1.0. Ukifuatiliwa vizuri, mlango wa matibabu unakutwa bado uko wazi. Namba hizo haziwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa mtu wa Afrika Mashariki, lakini zinakufundisha kitu cha kufanya: tarajia uwezekano mkubwa zaidi wa kufika kwenye matibabu siku moja, na usikubali ratiba legelege.

Na hapa kuna sharti gumu. Wagonjwa wengi wanaoonwa katika hospitali zetu hufika ugonjwa ukiwa umeshaingia mifupani, na ndiyo sababu mitaani tezi dume hutajwa pamoja na msiba. Wao hawakuwa kwenye ufuatiliaji, hawakupimwa kabisa. Wewe umepatikana mapema, kundi lako ni jingine. Hata hivyo ufuatiliaji unahitaji maabara inayoaminika, MRI unayoweza kuilipia au kulipiwa na bima, biopsi inayosomwa na mtaalamu aliyezoea tezi dume, na nauli ya kurudi kila mara. Kabla hujakubali, piga hesabu ya miaka mitano kwa shilingi. Kama hesabu hiyo haitoki, mwambie daktari waziwazi. Kutibiwa mapema kwa sababu hakuna njia ya kufuatiliwa ni uamuzi halali, na ni bora kuliko kungoja bila kuangaliwa. Kama kuna shaka kuhusu usomaji wa biopsi ya kwanza, omba vioo vyake visomwe upya na mtaalamu wa pili. Tofauti ya 3+3 na 3+4 mara nyingine imo kwenye jicho la msomaji.

Ikitokea masharti mliyoyaandika yametimia, utatibiwa, na usiseme miaka ya kungoja ilikuwa hasara. Asilimia 61 ya kundi la ufuatiliaji la ProtecT waliishia kupata matibabu ndani ya miaka 15. Wengine hawakuyahitaji hadi mwisho. Miaka waliyongoja waliiishi bila madhara ya kisu wala mionzi. Ukishafika miaka ya sabini na kitu, au ukipata ugonjwa mwingine mzito, kuna swali ambalo wengi hawaliulizi kwa kuona haya, nalo ni haki yako kuliuliza: je, biopsi bado zina kazi, au sasa inatosha kupima damu mara moja kwa mwaka na kushughulikia dalili zikija? Mpe daktari daftari, alisome, kisha mjibu pamoja.